Hata Kama ni Mama Yangu Mzazi

Gakuru alipofika ofisini kwa chifu hakubisha hodi wala hakusalimu. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliye msibani. Hapo Chifu Sironka akajua kuna shida, kwa sababu Gakuru na ile kofia walikuwa hawaachani hata kanisani.

"Chifu, kuna ng'ombe wameingia kwa akiba."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wameshiba, hata wengine wamelala."

"Gakuru, sijauliza kama wameshiba. Nimeuliza ni wa nani."

Gakuru akakitazama kikombe kilichokuwa mezani. "Hiyo chai maliza kwanza."

"Chai yangu inaingiaje hapa?"

"Nikikuambia hutaimaliza, na hiyo naona ni maziwa tupu."

Chifu akakisukuma kikombe kando kwa mkono wa serikali. Alikuwa amevaa kaki iliyopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ingeweza kukata mkate. "Sema."

"Ni wa mama."

"Mama nani?"

"Mama yako, Chifu." Na kwa kuwa Gakuru ni mtu anayependa jambo lieleweke vizuri, akaongeza, "Yule aliyekuzaa."

Chai ikapoa pale pale mezani, ikaota ngozi juu, na hakuna aliyeigusa tena.

Sasa, ng'ombe wa mama kula nyasi si habari ya kumnyima mtu chai. Ng'ombe wa kila mama hula nyasi. Lakini hizi hazikuwa nyasi tu. Lokesheni ya Chifu Sironka ilianzia pale nyumba za mawe za Kitengela zilipochoka kujengwa, ikaambaa upande wa Kajiado kwenye uwanda mweupe wa vumbi. Mwaka huo wa 2004 kiangazi kilikuwa kimekaza, na mashamba mengi yalishauzwa na kuzungushiwa waya na watu waliokuja na michoro ya magorofa. Nyasi za maana zilibaki mahali pamoja tu, kwenye hiyo akiba, kibonde kando ya mto mkavu. Wamaasai huita mahali kama hapo olopololi, yaani malisho yanayofungwa yasiguswe, ili kiangazi kikifika shingoni ndama na ng'ombe dhaifu wapate cha kutia mdomoni.

Kila mwaka watu walikubaliana kuyafunga, na kila mwaka ng'ombe wa mtu fulani waliingia kwa bahati mbaya. Ajabu ni kwamba bahati mbaya hiyo iliwapata sana jamaa za viongozi. Mkosaji akitozwa faini alileta kigofu cha ng'ombe kilichokaribia kufa chenyewe, wazee wakakitafuna kwa machungu, mambo yakaisha.

Sironka alipopewa uchifu akasema yeye hataki mchezo huo. Akaajiri mlinzi kutoka mbali, Gakuru, kusudi asiwe na binamu wala shemeji wa kumwonea haya. Kisha akaweka sheria: anayeingiza ng'ombe kwenye akiba anachinjiwa maksai anayependwa kuliko wote zizini mwake, na wanaomchagua ni wazee, si yeye. Akang'oa shungi la nyasi pale pale kibondeni, wazee wakalitemea mate ya baraka mmoja baada ya mwingine, na chifu akaapa kwa nyasi zile kwamba hatamwacha mtu. Kwa Mmaasai, kuapa kwa nyasi na kuvunja ni jambo ambalo hata ukikimbilia Nairobi litakufuata na kukuuliza nyumba namba.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Hilowle. Huyu alikuwa na duka Kitengela, la sukari, mablanketi na sufuria, na upande wa nyuma alifanya biashara ya ng'ombe. Kundi lake lilikuwa likipumzika kabla ya kupelekwa sokoni, likafuata pua likaingia kibondeni. Wazee wakamchagua maksai mweupe aliyekuwa hata hauzwi, aliyemfuata Hilowle mpaka mlangoni mwa duka. Hilowle aliteta, akaapa, akauliza kama faini ingekuwa hivi hivi kama jina lake lingekuwa ole fulani, la Kimaasai.

Basi Chifu Sironka akasimama. Alikuwa mzungumzaji mzuri, na ubaya wa kuwa mzungumzaji mzuri ni kwamba mdomo hutangulia na akili hufuata na mkongojo.

"Hilowle," alisema, "sheria hii haina Msomali, haina Mmaasai, haina Mkikuyu. Hata kama ni mama yangu mzazi ameingiza ng'ombe hapa, nitamchinjia."

Watu wakapiga makofi. Hilowle akalipa. Alipewa ubavu mmoja wa ng'ombe wake mwenyewe, kama alivyostahili aliyelipa faini, akaula polepole huku amemkazia chifu macho. "Siku ya mama," alisema akijifuta midomo, "niite. Nitakuja na kisu."

Watu wakacheka, chifu naye akacheka. Maneno ya hata kama ni mama yangu husemwa na kila kiongozi katika nchi hii, na hayamdhuru yeyote, kwa sababu huku kwetu mama hana ng'ombe. Anawakamua, anawajua kwa majina, anawaimbia, anajua nani ana tumbo baya. Lakini ukiuliza mwenyewe ni nani utaonyeshwa mwanamume, hata kama mwanamume huyo yuko Nairobi akiuza viatu na hajaona ng'ombe tangu Krismasi ya juzi.

Shida ni kwamba mama yake Chifu Sironka alikuwa na ng'ombe wake, na aliyeleta shida hiyo ni chifu mwenyewe.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameitwa semina Kajiado mjini, kwenye hoteli yenye zulia, ya mambo ya haki za wajane. Alirudi na mkoba, kalamu na mawazo. Akawaita watu, akamchinja mbuzi, akatenga ng'ombe kadhaa wa marehemu baba yake na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo hao ni mali ya mama yake, Naserian, aliyefahamika na wote kama Koko, yaani bibi. Akamtengenezea hata chapa yake ya moto. Wazee walipiga makofi, wakala mbuzi, wakaenda zao wakiamini ni mambo ya serikali, yatapita kama chanjo.

Koko Naserian hakuiona kama chanjo. Aliichukua ile chapa akailaza chini ya kitanda chake.

Chifu alipotoka ofisini alimkuta mama yake ameketi juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, mbele ya nyumba. Nyuma yake alisimama Mpus, maksai mkubwa wa rangi ya kijivu kama wingu la mvua, akimlamba shuka begani. Mpus alizaliwa wiki ile ile mzee alipofariki, ng'ombe aliyemzaa akafa, naye Koko akamlea kwa maziwa ya chupa. Waliokuwa na wivu walisema anampenda kuliko watoto wake. Sironka, aliyekuwa kitinda mimba, alijua kwamba wenye wivu hawakukosea sana.

Akavua kofia ya serikali, akainamisha kichwa, mama akamgusa utosini kama anavyoguswa mtoto.

"Takwenya, Yeyo," alimsalimia mama yake kwa Kimaasai.

"Iko," mama akaitikia salamu. "Umekuja kama nani?"

"Kama mtoto wako."

"Basi hiyo fimbo ya chifu iache huko nje. Inanitazama vibaya."

Akaiegemeza kwenye ua. Akaketi kwenye jiwe, akajikuna goti, akatafuta pa kuanzia.

"Yeyo, nimesikia ng'ombe zako ziliingia kwa akiba."

"Hazikuingia. Niliziingiza."

"Ungesema zilikuponyoka, mama, tungeanza na hapo."

"Ng'ombe wangu kuniponyoka? Unataka nizisingizie na hazina mdomo?" Akamwonyesha kwa kidole ng'ombe mwekundu aliyelala karibu na zizi, na ndama mdogo mwenye miguu ya kutetemeka akijaribu kunyonya. "Huyu alizaa juzi. Chuchu kavu kama kidole changu. Nikaangalia ndama, nikaangalia nyasi. Wewe sikukuona hapo katikati."

"Lakini sheria ulikuwa unaijua?"

"Sironka, ile hotuba uliifanyia mazoezi nyuma ya choo wiki nzima. Hata mbuzi wanaijua."

"Basi si ungekuja uniulize. Tungetafuta njia."

"Mwenye ng'ombe akiona ndama anakufa anaenda kuuliza ofisi?" Alisema hivyo kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Anaamua. Halafu kama kuna kulipa, analipa."

Chifu akamtazama Mpus. Mpus akamtazama chifu, akiendelea kutafuna.

"Watamchagua huyu," alisema.

Mkono wa mama ulipanda ukashika ngozi ya shingo ya ng'ombe, ile inayoning'inia, akaiviringisha vidoleni.

"Najua," alisema. "Nani hapa hamjui Mpus. Sasa nenda ukale, Soipan amepika."

Soipan alikuwa mke wa chifu, na siku hiyo alipika ugali vizuri lakini huruma hakuipika.

"Ulikuwa na maneno mengi ya kusema," alimwambia akimwekea mboga. "Ungesema hata kama ni shangazi yangu. Mashangazi uko nao wengi."

"Soipan, niache."

"Ama hata kama ni mjomba. Yule wa Kiserian mwenyewe hana hata kuku."

"Nimesema niache nile."

"Kula basi. Mimi nashukuru tu hukusema hata kama ni mke wangu."

Hakula. Alikaa akiitazama sahani, akihesabu njia zake, akaona zote ni mbovu. Akimchinja Mpus, atamwangalia mama yake usoni kwa macho yapi? Ni mama aliyeuza shanga zake ili yeye amalize kidato cha nne. Na akimwacha Mpus, Hilowle atasema nini, na Kitengela nzima itasema nini? Sheria itakuwa imekufa siku hiyo hiyo, na kabla ya jua kutua kila mtu atakuwa na ng'ombe walioingia kibondeni kwa bahati mbaya. Ndama wote watakufa, si mmoja tu. Tena kulikuwa na zile nyasi zilizotemewa mate.

Jioni akaenda kwa Mzee Hiram. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee walioapisha, mzee wa kanisa vilevile, na alizungumza taratibu mno hivi kwamba ukienda kwake na haraka unarudi bila hiyo haraka.

"Mzee, nimekuja na ombi. Nitoe maksai wangu badala ya wa mama."

"Hapana," alisema Mzee Hiram. Akatia ugoro puani, akapiga chafya, akatulia. "Sheria ilisema wa mkosaji."

"Basi mzee, nimekwisha."

"Ngoja. Nyinyi vijana mna haraka." Sironka alikuwa na mvi, lakini kwa Mzee Hiram hiyo si hoja. "Hebu niambie. Baba yako alipokufa, ng'ombe zake zilibaki za nani?"

"Za wanawe."

"Na anayekaa na mama ni nani?"

"Ni mimi, kitinda mimba."

"Umeona sasa. Mwanamke hana ng'ombe, Sironka. Tangu lini? Hizo ng'ombe ni zako, kwa hivyo mkosaji ni wewe. Kesho nasimama nasema hivyo, unatoa yule maksai wako wa pembe moja, tunakula, tunaenda nyumbani. Mama amepona, sheria imepona, hata Msomali ameshiba."

"Na ile semina?"

"Semina ilikuwa ya serikali," alisema Mzee Hiram. "Haikuwa ya ng'ombe."

Chifu Sironka alirudi nyumbani akipiga mluzi. Kulikuwa na kitu kidogo kilichomchoma kama changarawe ndani ya kiatu, lakini hakusimama kuitoa. Alikula ugali wote uliobaki, wa mchana na wa jioni.

Kesho yake watu walijaa mbele ya ofisi ya chifu kama siku ya kugawa mahindi ya msaada. Viti vya plastiki viliazimwa kanisani. Waliokuwa na ploti zao Kitengela walikuja, waliokuwa na mbuzi wao walikuja, na mama mmoja wa mandazi akaja na karai lake, maana kesi nzuri haishuhudiwi na tumbo tupu. Hilowle alikuja amevaa kanzu safi, na mkewe Halimo, na kisu kimefungwa kwenye gazeti.

"Chifu, hujambo," alisema Hilowle. "Niko na kisu, kama nilivyoahidi. Mimi pia ni mtu wa ahadi."

"Karibu, Hilowle. Kaa."

"Nitakaa karibu, nisikie vizuri."

Mzee Hiram alisimama akasema aliyoyasema jana, kwa mwendo ule ule. Ng'ombe za marehemu ni za mwanawe. Mwanamke hana ng'ombe, kwa hivyo hana kosa la ng'ombe. Mkosaji ni Sironka, na Sironka amekubali kulipa. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa hoja safi, hata Hilowle alikunja uso kutafuta tundu ndani yake akakosa.

Chifu akainuka kumalizia. "Kwa hivyo," alisema, "kwa kuwa ng'ombe ni wangu..."

"Ng'ombe gani?"

Koko Naserian alikuwa amesimama. Alikuwa upande wa wanawake, na wanawake hawakuwa na kawaida ya kusimama pale isipokuwa wanaondoka.

"Yeyo, kaa tu. Tunataka kukusaidia."

"Sijauliza mnataka nini. Nimeuliza ng'ombe gani ni wako."

"Wale... wale wa kule nyumbani."

"Walio na chapa gani?"

Mama wa mandazi akaacha kuhesabu chenji.

"Mwaka jana," alisema Koko, "uliwaita hawa watu wote. Ukasema Naserian ana ng'ombe wake. Mzee Hiram alikula mbuzi hapo, tena alikula figo zote mbili. Mlipiga makofi. Mimi nikaenda nyumbani nikakaa nje na ng'ombe wangu mpaka giza, kwa sababu nimeishi miaka yote hii na nilikuwa sijawahi kusema ng'ombe wangu." Akapumua. "Sasa naona kumbe ni wangu wakishiba. Wakikosea ni wa Sironka."

"Mama," Mzee Hiram alisema, "tunakutoa kwenye faini."

"Hamnitoi kwenye faini. Mnanitoa kwenye ng'ombe."

Mzee Hiram akatafuta ugoro.

"Hilowle alipoingiza ng'ombe," Koko aliendelea, "mlimuuliza mtoto wake alipe?"

"Hapana, mama," alijibu Hilowle kutoka kitini pake. "Niliulizwa mimi. Niliulizwa sana."

"Basi na mimi niulizwe. Nilijua sheria. Ng'ombe niliwaingiza mwenyewe kwa fimbo yangu, na ndama yule yuko hai, mnaweza kwenda kumwona. Nitalipa." Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikashuka. "Na wewe uliapa. Usiniokoe kwa kuninyang'anya."

Chifu Sironka alikuwa amejiandaa usiku kucha kupambana na watu wote ili amwokoe mama yake. Hakuwa amejiandaa kupambana na mama yake. Sasa ile changarawe ilijitokeza waziwazi: njia ya Mzee Hiram ingemwachia mama maksai mmoja na kumchukulia kila kitu kingine, na yeye, mtoto wake, ndiye angeifanya kazi hiyo huku akitabasamu.

Alimtazama Mpus, aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo ya bendera kwa sababu Koko alikuja naye mwenyewe bila kutumwa. Akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Mkosaji," alisema, "ni Naserian, mwenye ng'ombe. Faini yake..." Akakohoa. Akaanza upya. "Faini yake wazee wachague."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe ilibidi Mzee Hiram anyooshe fimbo kuelekea nguzo ya bendera, akiwa ameangalia kwingine.

Hapo kikatokea kitu ambacho lokesheni ile ilikuwa haijawahi kukisikia. Nyuma kabisa, kwenye safu ya akina bibi, mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akaitikia. Mara wote wakapasua anga, shanga zikilia shingoni, wanaume wakigeuka kuuliza kama kuna harusi hawakualikwa. Mama mmoja amepigwa faini, na wenzake wanashangilia kama ameshinda ubunge.

Hilowle akafungua gazeti. Lakini alipomfikia Koko aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi sina kinyongo. Nikisema nimesamehe, hawa wazee watasikia."

"Wewe ulisamehewa?"

"Hapana."

"Basi nyamaza unoe kisu."

Akanoa. Koko akamfungua Mpus mwenyewe, akamwongoza hadi kwenye majani yaliyotandazwa, akimwimbia polepole wimbo aliomwimbia alipokuwa wa chupa. Mpus alimfuata kama anavyomfuata siku zote, akinusa shuka lake. Chifu akaonekana anaangalia mawingu ambayo hayakuwepo.

"Sironka," mama alisema bila kugeuka, "ukilia utaniaibisha mbele ya watu wa Kitengela."

"Ni vumbi, Yeyo."

"Basi pangusa hilo vumbi."

Alipomkabidhi kamba Hilowle, alikwenda nyuma ya ofisi peke yake, akakaa huko. Halimo akamfuata na chupa ya chai ya iliki, akammiminia. Waliporudi, uso wa Koko ulikuwa umenawishwa, na wale wanawake wawili walikuwa wameshikana mikono kama waliosoma pamoja.

Nyama ya Mpus ilikuwa na mafuta kiasi kwamba hata waliokuja na huzuni waliondoka na midomo inayong'aa. Koko alipewa ubavu wake, sawasawa na alivyopewa Hilowle. Meno aliyobaki nayo yalikuwa machache na hayakukaa karibu karibu, lakini aliutafuna wote, polepole, huku Hilowle akimshauri aanzie upande gani.

"Inashuka?" chifu alimuuliza.

"Inashuka kwa shida," alisema. "Lakini ni yangu."

Baada ya nyama, wazee walivuta viti wakae kikao cha akiba, kuamua itafunguliwa lini. Mzee Hiram akagundua kuna kiti kimoja kimezidi, na ndani ya kiti hicho yumo Koko Naserian.

"Mama, sasa haya ni mambo ya wenye ng'ombe."

"Ndiyo. Endelea, nasikia."

Mzee Hiram akamtazama chifu. Chifu akatazama kucha zake. Mzee akaangalia huku na huku kwa msaada, akamwona Hilowle, ambaye naye alikuwa amevuta kiti.

"Mimi pia nilishalipa faini hapa," Hilowle alisema kwa adabu. "Naona hicho ndicho cheti."

Basi kikao kikaanza. Neno lilizunguka, kila mwenye ng'ombe akasema lake, likamfikia Koko. Alisema akiba ifungwe kama kawaida, na faini ibaki kali kama kawaida. Lakini ng'ombe aliyezaa, yeye na ndama wake peke yao, waruhusiwe kuingia mpaka ndama apate nguvu, na Gakuru awe anawaona kwa macho kwanza. "Kama kiangazi hiki kingekuwa na kipengele hicho," alisema, "leo mngekula mandazi."

Mmoja alijaribu kupinga, akasema Gakuru hawezi kumtambua ng'ombe aliyezaa, Gakuru akajibu kutoka mlangoni kwamba yeye pia ana mama. Kipengele kikapita. Chifu alipokuwa akifunga kikao alimsikia mtu akinong'ona kwamba sheria ile sasa imekuwa ya kweli, maana imemla mama wa chifu mwenyewe. Alifurahi kusikia hivyo, na wakati huo huo alitamani sana kumsikia Mpus akitafuna.

Jumatatu alifika ofisini mapema, akakuta foleni. Haikuwa ya vitambulisho wala ya mahindi. Ilikuwa ya akina bibi watupu, wamejipanga kandokando ya ukuta kwenye kivuli, wengine wameketi juu ya mitungi waliyokuja nayo wenyewe, wametulia kabisa kama watu ambao hawana mpango wa kuondoka.

"Takwenya, mama zangu," chifu alisema, akiinamisha kichwa mara nyingi mpaka shingo ikauma. "Kuna nini?"

"Tumekuja kupigwa faini," alisema wa mbele. "Kama Naserian."

"Mmekosa nini?"

"Bado hatujakosa. Kwanza tupatie ng'ombe zetu, kukosa tutajua wenyewe."

Chifu akamtazama vizuri huyo msemaji chini ya kitambaa alichojitanda, akamtambua. Alikuwa Dinah, mke wa Mzee Hiram.

"Mama Dinah, mzee anajua uko hapa?"

"Atajua ukimwita."

Chifu Sironka akacheka mpaka ikabidi ashike mlango. Kisha akafungua ofisi, akawatolea viti wote waliokuwepo, na kumwita mlinzi wake.

"Gakuru, nenda kwa Mzee Hiram," alisema. "Mwambie naomba aje. Na asije peke yake, aje na ng'ombe."